Délice Anauliza Kila Mtu

Bujumbura, tarehe 6 Machi 2023

Kwa shangazi yangu Bernardine,

Jambo sana, shangazi. Naomba barua hii ikukute mguu umepunguza maumivu na joto la Uvira limekuachia usingizi kidogo wa mchana. Mimi huku ni mzima, masomo yanaendelea, ila chakula cha home, bweni letu la wanafunzi, sikizungumzii.

Victoire, anayevuka mpaka na biashara yake, anakuletea bahasha nzito. Usiogope, si karatasi za serikali. Ni kitabu changu. Kina kurasa mia moja thelathini na mbili na kinaitwa Délice Anauliza. Ni hadithi ya mauaji kwa ajili ya vijana: msichana wa miaka kumi na sita, wa Runingu, anamtafuta mtu aliyemwua baba yake kwa sumu, maana wakubwa wote wamenyamaza.

Basile, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Buyenzi, amekubali kukichapa. Anataka tu ukurasa mmoja wa uhakiki wa kuweka mwanzoni, ulioandikwa na mtu anayejulikana kwa kusoma. Nilimtaja mwalimu aliyefundisha Kiswahili na Kifaransa kwenye lycée, shule ya sekondari, miaka thelathini na moja. Anaungoja hadi mwisho wa Aprili, na bila huo hachapi. Nimekiandika miaka miwili, shangazi. Sema ukweli wako, hata ukiuma.

Mtoto wa kaka yako,
Irankunda


Uvira, Kilibula, tarehe 14 Machi 2023

Irankunda mtoto wa André,

Salamu nimezipata. Mguu ni uleule. Mama yako nilimwona Jumapili kwenye misa, ni mzima, tulipungiana mikono. Sasa tuache salamu, maana nimekasirika.

Nimesoma kurasa arobaini na ninakurudishia hizo kwanza. Huyu Délice wako hana kazi nyumbani? Msichana wa miaka kumi na sita, mama mjane, wadogo watatu, na hajachota ndoo moja ya maji. Hajaosha hata sahani. Anaamka, anatazama milima, anakwenda kuchunguza. Mama yake angemwita mara sita kabla hajafika barabarani.

Halafu anapanda baiskeli Runingu na "punde si punde" yuko Kavimvira. Ile barabara naijua. Ungemwacha apumzike hata Kiliba, anywe maji, apanguse vumbi usoni. Wewe unamfikisha na gauni safi.

Anaingia ofisi ya chef de quartier, mkuu wa mtaa, bila kubisha, anamwambia mzee wa watu, "Unaficha nini?" na yule mzee anaanza kutetemeka na kueleza yote. Chef gani huyo? Wa kwetu angemwuliza kwanza, "Weye ni mutoto wa nani?" halafu angemtuma akamletee kiti. Na "alitabasamu kwa siri" nimeikuta mara kumi na moja. Anayetabasamu kwa siri namna hiyo apelekwe kwa daktari.

Naona baba wa Délice, huyu Rémy, anaimba akinyoa ndevu. Kaka yangu André pia aliimba akinyoa ndevu. Hapo nilipita haraka.

Jana maharagwe yangu yaliungua kwa sababu ya sura ya tatu. Usidhani nakusifu, nimekula bugali mkavu. Kurasa nyingine bado ninazisoma; wewe sahihisha lafudhi ya polisi, anaongea kama padri.

Shangazi yako,
Bernardine


Bujumbura, tarehe 21 Machi 2023

Shangazi mpendwa,

Habari ya mguu na habari ya maharagwe. Pole kwa yote mawili.

Umenirudishia kurasa zenye wino mwekundu kuliko mweusi. Basile aliziona mezani akaniuliza kama nilikuwa nakata nyanya. Shangazi, nakuheshimu, lakini umenichosha. Msomaji wa miaka kumi na minne hatafuti kujua nani kachota maji, anatafuta muuaji. Hata hivyo nimempa Délice ndoo. Moja, ukurasa wa tisa. Gauni nimelitia vumbi. Chef sasa anamtuma kiti, na nakiri kwamba pamekuwa pazuri zaidi, usinijibu kuhusu hilo.

Victoire anasema, "Mwalimu iko anasoma, iko anakasirika, halafu iko anasoma tena." Basi usimhukumu Délice kabla ya mwisho. Kurasa zote zilizobaki unazo. Na ukifika sura ya kumi, tafadhali usisome ukipika.

Mtoto wa kaka yako,
Irankunda


Uvira, Kilibula, tarehe 31 Machi 2023

Irankunda,

Natumaini u mzima. Nimefika mwisho.

Muuaji ni shangazi. Dada wa marehemu, Sidonie, anamkaribisha kaka yake kwake, anampa bugali na ndagala wa ziwani, anammiminia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na siku mbili baadaye kaka amekufa.

Nianze kama mwalimu. Sidonie wako anampa kaka yake kikombe bila kukionja. Katika bonde lote la Ruzizi, ni nani anayempa mgeni kikombe cha kasiksi bila kunywa kwanza mbele ya macho yake? Rémy angekirudisha, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa darasa la tano asingekosea hapo. Kuonja nakujua mimi, Irankunda. Tangu André afe naonja kila kinachotoka jikoni kwangu, hata maji, na bado wageni wananiambia wametoka kula.

Pili. Délice anamtambua muuaji kwa jambo moja tu: siku ya mazishi, watu waliporudi kutoka makaburini, wote waliinama kunawa mikono kwenye beseni langoni, na Sidonie peke yake hakunawa. Kwa hiyo amefungwa maisha. Haya, nani alikuambia habari ya beseni? Hilo halikutoka kichwani mwako. Nilipolisoma nilikaa chini kwenye sakafu.

Uhakiki sitaandika. Kitabu chako hicho, Victoire amekibeba.

Bernardine, ambaye bado ni shangazi yako


Bujumbura, tarehe 5 Aprili 2023

Shangazi,

Nakusalimu, ingawa sijui kama bado unazitaka salamu zangu.

Hakuna aliyeniambia. Niliona mwenyewe. Nilikuwa na miaka mitano, na ni kitu pekee ninachokikumbuka cha siku ile: beseni la bluu, watu wamepanga mstari, mikono inachovya maji na kukung'utwa, na wewe umetulia kama huwaoni. Sikumwambia mama wala mtu yeyote. Lakini nilisikia waliyosema wajomba, kwamba baba alikula kwako kisha akafa.

Unakumbuka nilivyokuwa nikija kwako kujifunza kusoma? Nilikuja na chakula changu kwenye kibakuli chenye kifuniko. Mama alikifunga kwa kitambaa. Ulinitazama nikila, ukanifundisha herufi. Nilikupenda na nilikuogopa kwenye meza moja. Miaka kumi na mitano nimeishi hivyo na nimechoka.

Sikuweza kukuuliza. Nikamtuma Délice.

Irankunda


Bujumbura, tarehe 25 Aprili 2023

Shangazi,

Mguu haujambo? Victoire amekuja mara tano mikono mitupu. Anasema ukimwona unamsalimia vizuri na kurudi ndani. Basile ananiuliza kila siku. Nimemwambia mhakiki anaumwa, akaongeza wiki mbili.

Kasirika kwenye karatasi, nakuomba. Hata kwa bic nyekundu.

Irankunda


Uvira, Kilibula, tarehe 9 Mei 2023

Irankunda,

Mimi ni mzima. Niliandika barua nne nikazichana, zote zilikuwa za matusi na mimi ni mwalimu. Uhakiki wako huu hapa. Asibadilishe hata koma.

"Délice Anauliza ni hadithi ya kwanza ya Irankunda, na inakwenda mbio kiasi kwamba msomaji ataunguza sufuria. Kasoro ni nyingi. Polisi wanafika kabla ya kuitwa. Muuza dawa wa soko anataja wateja wake wote bila hata kusalimiwa. Hata hivyo bonde la Ruzizi limo humu kama lilivyo, na maongezi ya akina mama mtoni yangeweza kuandikwa na mtu wa miaka sitini. Kosa kubwa ni la mpelelezi mwenyewe. Délice anamwuliza chef, padri, mganga, muuza dawa, hata mlevi wa barabarani. Watu kumi na wanne, nimewahesabu. Shangazi yake, anayekaa karibu, hamuulizi neno hadi siku anapokuja na polisi. Macho yake ni makali, lakini ana woga. Kwa hiyo kitabu kinakwisha mtu asiye na kosa akiwa gerezani, na mwandishi hajui. Nawashauri vijana wakisome, kisha wafanye kile ambacho Délice hakufanya."

Sasa nakujibu wewe ambaye hukuniuliza.

Kwenye beseni wananawa waliotoka makaburini. Mimi sikutoka makaburini, sikwenda. Ulikuwa na homa, ulishika kitenge changu kwa mikono miwili, na kila walipokutoa ulilia mpaka ukatapika. Mjane hawezi kukosa mazishi ya mume wake. Mama yako mwenyewe alisema, "Bernardine, minye ni muke wake, siwezi kubaki. Baki weye na mutoto." Nikabaki. Walimbeba André wakiimba, nikawasikiliza hadi wimbo ukaishia barabarani. Kaka yangu wa pekee, na sikumtupia hata konzi moja ya udongo. Ile inaniuma mpaka leo kuliko maneno ya wajomba zako.

Waliporudi kunawa, ulikuwa umeamka, unawatazama. Uliniona mimi tu sinyanyuki. Ningenyanyuka vipi? Ulikuwa umenikalia.

Na André alikuja kwangu siku ile akiwa tayari ameshika tumbo tangu asubuhi, kwa sababu kwangu ni karibu na hospitali. Daktari alisema utumbo umepasuka. Alikula vijiko viwili vya uji. Ndagala sikupika. Niliwaeleza mara moja kwenye kikao cha familia, walitazama chini, nami nikaona haya kurudia. Nilinyamaza kama mwenye kosa. Hapo nilikosea, na kibakuli chako nilikiona kila mara nikanyamaza tena.

Chapeni mnavyotaka.

Bernardine


Bujumbura, tarehe 12 Mei 2023

Shangazi yangu,

Leo sikuulizi habari ya mguu, nitauona mwenyewe.

Basile amesoma uhakiki wako akacheka sana, akasema kwa masuto haya watu watakigombania. Nimemwomba asubiri kidogo. Sura ya mwisho nimeitupa. Sasa Délice anakwenda peke yake kwa Sidonie, anapiga hodi, anakaa, anauliza. Nimeiandika mara tatu na kila mara nalia kabla Sidonie hajajibu, kwa hiyo lafudhi yake utaisahihisha wewe.

Nilimpigia mama. Nilimwuliza swali moja, nani alibaki nami siku ile. Akasema, "Ni Bernardine. Minye ndiye nilimuomba, na sikusema kwa batu." Akaniambia pia kwamba wajomba walipoanza maneno yao, yeye alikuwa na huzuni na alihitaji mtu wa kumlaumu. Nilimkasirikia. Nimejikasirikia mimi pia, maana nina miaka ishirini na swali lenyewe lilichukua dakika moja.

Samahani, shangazi. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo, wewe ndiye uliyenifundisha maneno.

Jumamosi tarehe 20 tunakuja, mimi na mama. Kwanza tutakwenda wote watatu makaburini kwa baba, asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa ajili ya mguu wako. Tukirudi, weka beseni langoni, tutanawa pamoja. Halafu toa meza uani mahali ambapo jirani zako wote wataiona. Pika bugali na ndagala, mimina kasiksi. Sitabeba kibakuli.

Na ukishapakua, usionje kwanza. Nipe tu, nile.

Mtoto wako,
Irankunda