Kitabu Nilichosema Sikitaki

Mzee wangu,

Nimekosea kola tena. Nimeifumua mara mbili, na hakuna mtu wa kuniambia, "Hapana kimbia, beta. Hii si mbio." Kericho nzima ni wewe tu ulikuwa unaniita beta, kama mtoto wako wa kuzaa.

Unakumbuka vile nilikuja kwa duka lako la kushona? Nilikuwa nimejifunza kushona na video za simu, najiona fundi kamili, halafu ukaangalia blauzi yangu ukauliza kama ni ya mtu ako na mikono tatu. Nikakaa. Macho yako ilikuwa imeanza ukungu, so asubuhi nakusomea kitabu chako cha Kihindu, halafu unanifundisha kola. Kisanskriti, imeandikwa na ABC! Nilikuwa nasoma kama mtangazaji wa mpira. Unanirudisha. Mstari moja, tunyamaze, tufikirie.

Ile sura ya kuacha tamaa ndio tulisoma zaidi. Ukaniambia tamaa ni kama majani chai, huwezi imaliza kwa kuchuma, ukichuma ndio inachipua. Nikasema, "Lakini Mzee, hata ukiikata mpaka kwa shina si inachipua tu!" Ukacheka mpaka ukamwaga chai. "Ndio maana tunasoma kila siku." Halafu ukaitisha sukari nguru ya pili, na daktari alikuwa amekataza. Nikakupea. Nisamehe hiyo.

Sasa sikia. Baada ya moto wa mazishi yako, binti yako alikuja kufunga duka. Akanionyesha ukurasa wa nyuma wa kitabu, Kigujarati, herufi kubwa kubwa zimepinda, akanitafsiria. Kumbe ulikuwa unaandika vitu unataka kuacha, ukishaacha unakata na kalamu! Redio, umekata. Kriketi, umekata. Sukari nguru umekata, halafu ukaiandika tena chini. Mzee! Ya mwisho ilikuwa: Chebet kunisomea asubuhi.

Hiyo hukukata.

Nilitaka hicho kitabu. Nilitaka vibaya. Akaniuliza, "Unakitaka?" Lakini vile alikuwa amekishika kwa kifua... Nikasema, "Hapana, dada, enda nacho. Mimi sikitaki."

Nilidanganya. Ni kitu ya kwanza nimewahi kuacha kwa maisha yangu, na kila asubuhi inachipua.

Lakini jana nilikuwa nachuma kwa shamba yetu huku Kiptere, mdomo ikaanza yenyewe. Sura yote, Mzee! Pole pole, bila kukimbia. Mama, na unajua vile ni mtu wa kanisa, akasimama na kikapu mgongoni. "Hiyo ni maombi ya nani?"

"Ya rafiki yangu."

Akatua kikapu chini. "Basi maliza."

Nikamaliza.

Enda salama, Mzee. Kola nitarudia mpaka ikubali, na kila asubuhi nitakusomea, kitabu hakuna lakini maneno iko. Wewe ulishindwa kunikata. Mimi pia sikukati.

Beta wako,
Chebet