Migomba ya Kiangazi

Butiama, 2 Agosti 2024

Kwa binti yangu Yuliana,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yako mzima, ni goti tu linamsumbua. Ninyi hapo Iringo hamjambo? Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatizaga maneno.

Watu wa maji wamebadilisha bei. Ukitumia kidogo unalipa bei ya chini, ukizidisha tu kila uniti inapanda. Wanasema tubane maji. Sawa. Lakini sisi wazee wawili tunakunywa ziwa? Bili imekuja kama ya mwenye gesti! Nisipolipa wanakata, mama yako arudi kisimani na goti lile.

Kuna mtu anaiba maji yangu, na mwizi namjua. Ni jirani yangu Nyamburi. Bomba langu linapita kando ya ua wake, na mwezi wa sita alikuwa anachimba hapo, eti anasimika nguzo. Jumamosi tarehe kumi nitakula kiapo mbele ya wazee kwamba ananiibia. Usiniambie tulitahiriwa siku moja. Rika ni rika, maji ni maji.

Nguvu bado ninazo. Kiangazi hiki migomba ya kijiji kizima imekauka. Yangu ya pale kando ya ua imenenepa kama ng'ombe wa mahari, na simwagiliagi hata kikombe. Ni mkono tu wa kupanda. Wengine hawana.

Baba yako,
Wanzagi

Iringo, Musoma, 6 Agosti 2024

Baba shikamoo, na mama mfikishie shikamoo yake. Huku wazima, wajukuu wanakusalimu.

Baba, kiapo hakifutwi, wewe ndiye ulinifundisha. Ukimwapia mtu wa rika lako naye hana kosa, kinarudi kulala nyumbani kwako. Nakuomba, kabla ya Jumamosi funga mabomba yote, usimame uangalie mita. Ikizunguka, maji yanatoka mahali. Basi kachimbe chini ya migomba yako. Mgomba haunenepi kwa mkono, baba. Unakunywa.

Florian wa bodaboda atakupa barua hii mkononi, maana simu umezima.

Mwanao,
Yuliana

Butiama, 18 Agosti 2024

Kwa Yuliana,

Marahaba. Sisi wazima, hata goti limepata nafuu.

Barua yako niliitupa. Mtu wa mjini anifundishe migomba! Mama yako akaiokota, na Ijumaa ile kabla ya kiapo akafunga mabomba mwenyewe, akaniita: "Mzee, mita inakimbia." Nikachukua jembe ili nikuonyeshe umekosea. Sikufika mbali, udongo ukawa uji. Bomba limepasuka, mizizi imelikumbatia kama mtoto.

Nyamburi akachungulia juu ya ua. "Wanzagi, unamchimbia nani kaburi?"

"Wewe. Lakini nimeghairi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaja na mpira wa tairi, akalifunga bomba mpaka fundi alipofika. Nilikaa pale kwenye tope, Yuliana, moyo mwepesi kama wa kijana.

Jumamosi ile nilikwenda kwa wazee na mkungu begani. Nikawaambia nimewaita waonje ndizi. Hakuna aliyeuliza kiapo. Kumbe Nyamburi, naye alikuwepo, walikuwa wameshamwambia habari ya kiapo. Akamenya ya kwanza, akatafuna polepole, akasema, "Ndizi za maji ya wizi ni tamu jamani."

Mita imetulia. Mama yako anaipitia kila asubuhi kama mgonjwa aliyepona.

Migomba imelegea majani kidogo. Ni upepo tu. Mkono bado ninao.

Baba yako,
Wanzagi