Sitamwita Mtu kwa Jina Mbele ya Kanisa

Nkoaranga

Mjukuu wangu Eliamani,

Marahaba. Huku tuko wazima, ila babu yako anagombana na kuku wanaofukua migomba yake.

Unauliza kama umpige picha yule mama akipokea unga wa msaada, maana mkuu wako huko Mtwara anataka kuwaonyesha wafadhili. Sikiliza.

Nilipokuwa afisa ustawi kijana kama wewe, tuliletewa mablanketi ya wagonjwa wa kijiji kimoja huku mlimani. Nikaagizwa niyagawe Jumapili nje ya kanisa, mnada wa sadaka za ndizi na mayai ukiisha, kila mgonjwa aitwe kwa jina. Nikakosea, nikatii, nikaita jina la kwanza kwenye daftari. Mama yule alikuwa ameficha ugonjwa wake hata kwa wakwe. Alinitazama, akakaza khanga yake, akaondoka mikono mitupu huku watu wote wakimwangalia.

Nikafunga daftari palepale. Mablanketi niliyabeba kichwani nyumba kwa nyumba, nikianzia kwake ili nimwombe radhi. Hakunifungulia. Nililiacha lake mlangoni.

Mkubwa wangu akafoka, "Ushahidi kwamba wamepokea uko wapi?"

"Nenda kawaulize," nikamjibu. "Ila upige hodi, na usipofunguliwa, uondoke."

Akanihamishia Oldonyo Sambu, kule kwenye ukame. Nikaenda, na huko nako sikumwita mtu mbele za watu.

Kwa hiyo mwambie mkuu wako hapana. Akikuhamisha, nijulishe. Sanduku langu la bati nililohamia nalo bado zima, nitakutumia kwa basi.

Bibi yako