Mlango Niliofuta Umerudi

Bro Musyoka, treni yako imezunguka meza mara tatu na haijatoka kwa reli. Mzee Kamau alikuwa ameinama hapo na lenzi yake, pua karibu iguse paa ya injini. Unamkumbuka, yule aliendesha treni za mizigo mpaka akastaafu, akatuletea picha ya injini yake ya dizeli ndio umchongee nyingine ndogo, urefu wa mkono. Tangu tukuzike hajatusumbua hata siku moja. Leo amekuja mwenyewe kutoka mtaa wa Fedha. Daktari amemwambia macho inaisha, na anataka kuiona akiwa bado anaona.

Niliogopa. Kuongea na wateja ilikuwa kazi yako. Mimi nilikuwa nasimama nyuma na vumbi ya mbao kwa nywele, unawaambia, "Huyu mdogo wangu haongei, lakini vidole yake inaona."

Bahati nzuri Mzee hakutaka stori. Alianza na magurudumu, akahesabu, sita mbele, sita nyuma. Akaangalia feni za juu, ngazi, na mabomba ya breki kule nyuma. Akafika kwa ile kona umechonga ikiwa imebonyea, akasimama.

"Hii ni mimi niliigonga," akasema. "Kwa picha hata haionekani vizuri. Aliionaje?"

"Sijui, Mzee."

Akacheka peke yake. "Alinichongea mpaka makosa yangu."

Halafu akasema niiwashe. Iliondoka polepole bila kuruka, venye ulikuwa unataka. Tukaifunga mabehewa matatu, ikavuta, kwa kona ikapunguza kidogo tu. Mzee akasema poa, toa mabehewa sasa, niisikie ikiwa peke yake. Akafunga macho, akaweka sikio karibu na meza.

"Ongeza. Sasa punguza." Akasogeza sikio zaidi. "Kijana, hii imebeba nini?"

"Hakuna kitu, Mzee. Ni betri na mota."

"Injini tupu hailii hivi. Nimekaa ndani yake miaka mingi, usinifunze. Hii iko na mtu."

Bro, hiyo sauti mimi nimeisikia wiki nzima. Nilidhani ni betri, nikabadilisha. Nikatia mafuta kwa ekseli. Bado inalia kama inapanda mlima, na meza iko sawa, nimeipima.

Mzee akafungua macho, akaigeuza. "Na huu mlango wa dereva, mbona haujapigwa rangi?"

Mimi nilijua hakuna mlango hapo, kwa sababu niliufuta mwenyewe. Si unakumbuka? Ulinipea bodi ya injini nipige msasa, mimi nikawa nasikiliza mpira kwa redio, mkono ukaenda tu, nikalainisha mpaka mlango ukaisha, na kishikio chake. Ukapitisha kidole hapo, nikangoja unigombeze. Ukasema, "Umemfungia dereva nje, wewe. Atalala stesheni." Ukasema Jumatatu utachonga mwingine. Jumatatu kifua ikakushika, na hiyo wiki haikuisha ukiwa na sisi. Mimi nikapaka rangi juu yake hivyo hivyo.

Sasa mlango uko. Umekatwa kupitia rangi yangu, mbao ya mjakaranda inaonekana nyeupe, mbichi, na kishikio kidogo kama punje ya mchele. Nikagusa. Ile patasi yako iko na pengo, inaacha mstari mwembamba kama unywele katikati ya kila mkato. Huo mstari nimeupigia msasa tangu niache shule darasa la tano, siwezi kuukosa. Na hiyo patasi Mama alienda nayo Kitui, ameifunga kwa shuka yako. Ufunguo wa hapa karakana niko nao peke yangu.

"Nani amechonga hii?" Mzee akauliza.

"Ni kaka."

"Lini?"

Ikanitoka tu. "Juzi."

Aliniangalia muda mrefu. Sijui alikuwa ananiona vipi. Akasema, "Basi malizia. Pitisha msasa, weka rangi, niende nayo. Nakunywa chai hapo kwa kibanda."

Badala ya kulainisha, nimegeuza karatasi ya msasa na ndio hii naandikia nyuma yake. Nashindwa, Bro. Kazi yako sijawahi kushika kabla ugonge meza mara mbili kusema tayari, na hii hujagonga. Naogopa, sitakudanganya. Lakini naogopa zaidi kuufuta mara ya pili. Mara ya kwanza nilimfungia dereva nje. Nikifuta saa hii, namfungia nani ndani? Na nikikataa, huyo mzee ataenda bila treni yake, na akirudi siku ingine hataiona.

Nimeweka mkono juu ya mlango hapa nikifikiria. Mbao inaanza kupata joto. Inaweza kuwa ni mkono wangu.

Mzee amerudi.

"Umemaliza?"

"Sijagusa, Mzee. Si kazi yangu kuigusa."

Nilidhani atakasirika. Amepitisha kidole gumba kwa mlango, juu mpaka chini, akarudia. Hajauliza tena ni nani.

"Wacha hivyo," amesema. "Macho ikiisha nitaitafuta na kidole. Ingekuwa laini ningeipata wapi?"

Nimemfungia treni kwa sweta yako ya kijani, ile ya kazi. Sikupata kitu ingine safi. Nadhani hutakasirika. Ukiwa bado uko na kitu ya kumalizia kwa hiyo treni, sasa iko kwake, na yeye haogopi kama mimi.

Ningeandika mingi, karatasi bado iko na nafasi. Lakini jua inashuka, na Mzee ikiwa giza haoni hata mtaro. Anasimama hapo nje ameikumbatia, anangoja nimshike mkono nimfikishe kwake. Wacha niende.

Mimi mdogo wako, wa msasa.