Truzi ya Kiskoti na Sweta ya Mama

Alhamisi. Upepo unaingia dirishani tangu asubuhi na kiyoyozi tumekizima, jambo ambalo katika mji huu ni la majuma machache tu kwa mwaka. Ningekuwa nimelala. Zamu yangu iliisha saa nane mchana na miguu inaniwaka moto. Lakini silali, sikai kitako, situlii, maana kesho jioni naingia hotelini kwa mlango wa mbele.

Nimeandika sentensi hiyo nikairudia kuisoma mara tatu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mhudumu wa karamu katika hoteli moja hapa Dubai. Napeleka sahani, najaza glasi, narudisha sahani. Mwaka wa tatu huu, na mlango wa mbele nauona kwa ndani tu. Sisi wafanyakazi tuna lango letu nyuma, karibu na pale malori ya mboga yanaposhusha mzigo, unaweka kidole kwenye mashine, inalia, unaingia. Kesho kuna harusi ya Mskoti kwenye bustani ya hoteli hiyo hiyo. Bibi harusi ataingia kwa bendi ya zumari za mfuko, zile za kukumbatia kwapani, na mmoja wa wapiga ngoma wa bendi hiyo ni mimi, Nyambura wa Kinangop.

Mimi!

Ilianza kwa vijiko. Mwaka jana bendi hiyo ilipiga kwenye karamu yetu, na walipopumzika mimi nikawa naondoa vyombo. Sijui nilipitiwa na nini, nikaanza kugonga kwa vijiko viwili kwenye trei ule mwendo waliotoka kuupiga. Kiongozi wao, Mskoti mmoja mrefu anayeitwa Duncan, akaja akasimama nyuma yangu. Nilidhani anataka kahawa. Alitaka kujua nimejifunzia wapi. Nikamwambia ukweli: bendi ya vijana ya kanisa letu, kijijini kwetu, kwa ngoma zilizoachwa na wamishonari wa kwao. Mwendo ule ule, kumbe. Tangu wakati huo kila Jumatatu napanda metro kutoka Discovery Gardens, tunakoishi, hadi karibu na Rashidiya, huku mji unaishia kule mji unaishia, kwenda mazoezini. Namwita sir na yeye anakataa. Mdomo umeshazoea.

Sasa tatizo la leo. Makoti ya bendi yaliyoagizwa hayajafika. Duncan ametugawia suruali tu, na suruali yenyewe si mchezo. Wenyewe wanaiita truzi. Ni kitambaa kizito cha miraba, kijani cha chupa na samawati ya usiku, na kila mraba una mstari mwembamba ndani yake ambao hata sikuujali mwanzoni. Haina mfuko hata mmoja. Kiuno kinapanda juu mpaka karibu na mbavu, nyuma kimepanda zaidi, na inashikwa na mikanda ya mabegani. Kitambaa kimekatwa mshazari, kwa hiyo miraba inashuka mguuni imesimama kwa pembe. Nilipoivaa nilitembea kati ya vitanda vyetu vitatu, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Sijawahi kuvaa kitu kinachoninyoosha mgongo hivyo.

Juu kila mtu ajichagulie, ndiyo amri ya Duncan. Rangi moja, isiyo na maua wala miraba mingine, na ikiwezekana iwe rangi iliyomo ndani ya kitambaa chenyewe. Viatu vyeusi. Picha imfikie kabla ya saa moja jioni.

Nilianza na nilichonacho: shati langu jeupe na kizibao cheusi nilichonunua kwa ajili ya harusi ya binamu. Safi kabisa. Nikasimama mbele ya kioo kilicho nyuma ya mlango. Akinyi alikuwa amejilaza kitandani kwake. Akinyi ni Mkenya mwenzangu, mlinzi kwenye ghala moja la Airport Freezone, na mdomo wake hauna breki.

"Aki Nyambura, umeweza," akasema. "Sasa si uniletee chai ya maziwa, sukari mbili, na usikawie, yalla."

Tulicheka wote. Halafu nikatazama kiooni nikaona mkono wangu wa kushoto umejikunja nyuma ya mgongo, kama tunavyofundishwa kusimama mezani. Haukuniomba ruhusa. Umekwenda wenyewe.

Nikavua.

Nitasema hapa kitu ambacho sikumwambia Akinyi. Siogopi kukosea ngoma. Ngoma naijua. Naogopa nisimame kwenye ile bustani na ngoma kiunoni, halafu mgeni mmoja aninyooshee glasi tupu. Naogopa zaidi kwamba nitaipokea.

Jaribio la pili lilikuwa la uzalendo. Nina shuka nyekundu ya Kimasai, miraba mikubwa, huwa najifunika basi la kazini likizidisha baridi ya kiyoyozi. Nikaitupa begani. Nilijiona malkia. Amri ya miraba niliisahau kwa makusudi. Wakati huo Bi Rukia alikuwa ametoka kuswali alasiri. Huyu ni mama wa Kizanzibari anayeuza manukato dukani, mkubwa wetu humu chumbani kwa umri na kwa adabu. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu.

"Mwanangu we, miraba na miraba haikai nyumba moja," akasema. "Hii itagombana mpaka ngoma isisikike."

Akanitolea blauzi yake ya harusini, ya zambarau, yenye shanga kifuani. Nzuri mno. Lakini nilipovaa mshipi wa ngoma shanga zikaanza kudondoka moja moja sakafuni, nikaivua upesi kabla sijamtia hasara mama wa watu. Saa kumi na moja ikafika. Akinyi akapendekeza niende kifua wazi. Bi Rukia akamwambia astaghfiru.

Kisha Bi Rukia akafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwenyewe tangu asubuhi. Akaniita dirishani, akainama, akashika kitambaa pale gotini, akakigeuza kwenye mwanga.

"Rangi yako hii hapa. Imejificha tu."

Ule mstari mwembamba. Ni njano, ila si ya ndimu. Ni njano iliyoiva, ya binzari.

Nikajua hapo hapo. Sikuwa na haja ya kufikiri.

Chini ya kitanda changu kuna sanduku, na chini ya sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki wenye vidonge vya kufukuza nondo, kuna sweta. Mama alinifumia nilipopata kazi ya huku. Kinangop ni baridi ya kuganda mikono asubuhi, na kwa mama yangu ng'ambo ni ng'ambo, kote ni baridi. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alifuma kwa majuma sita, sufu nzito ya rangi ya binzari, shingo ya V, na kwenye uwanja wa ndege akanikabidhi akaniambia nisije nikaugua kifua.

Na haya ndiyo maungamo yangu ya leo. Kila Jumapili kwenye simu mama huniuliza, "Unaivaa sweta?" Na kila Jumapili kwa miaka mitatu nimemjibu, "Kila siku, mama."

Sijawahi kuivaa. Hata mara moja.

Nikaivaa juu ya shati jeupe. Ule mstari ukatoka kwenye suruali kana kwamba umeitwa jina. Akinyi akainuka kitandani akaja kutazama kwa karibu. Nikachukua vijiti vyangu nikapiga juu ya sanduku nione, na furaha ikakata. Mikono ya sweta ni minene. Kiwiko hakikunji sawasawa, kifundo kinanaswa, na ngoma ya Kiskoti yote iko kwenye kifundo. Ngoma ikawa inalia kama mtu anayepukuchua mahindi. Isitoshe jasho lilishaanza, hata na upepo huu.

Saa kumi na mbili kasoro. Nikachukua makasi.

Niliyaweka begani, pale mkono unapoanza. Majuma sita ya mama yangu, na mimi nataka kuyakata dakika mbili kwa ajili ya harusi ya watu nisiowajua. Nikayaweka chini nikampigia simu ya video. (Tunaongea Kikuyu, mimi na yeye. Naandika kwa Kiswahili ili Bi Rukia naye asome.)

Nilimweleza yote: ngoma, harusi, suruali, mikono ya sweta. Alifurahi kuhusu ngoma. Akauliza kama ni harusi ya kanisa. Akaniambia nisogeze simu aone. Akaitazama sweta kwa muda, macho karibu kabisa na kioo, mpaka nikawa naona paji la uso tu.

"Mbona viwiko havijaota manyoya?"

Nikavuta viwiko nyuma.

"Sweta ya miaka mitatu huwa na viwiko vya miaka mitatu, Nyambura."

"Mama," nikasema, "huku kuna joto."

"Joto gani?"

"La kuiva mkate nje."

Nilisikia kuku wake, nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa darasa la tano. Nilijua ataniuliza ni mangapi mengine nimemdanganya.

"Makasi weka mbali," akasema hatimaye. "Sweta haikatwi, ukiikata inafumuka yote. Igeuze ndani nje."

Nikaigeuza.

"Mikono niliifuma kando, nikaja nikaishonea. Tafuta fundo kwapani. Umeliona? Fungua hilo, halafu vuta uzi polepole. Usiwe na haraka yako ile."

Nililiona. Bi Rukia akaniletea sindano ya kulifungulia, akavaa miwani, na wanawake wawili ambao hawajawahi kuonana wakawa wananielekeza kwa pamoja, mmoja Kikuyu, mwingine Kiunguja, kila mmoja akidhani mwenzake anamwunga mkono. Uzi ukatoka mrefu, mzima. Mkono wa kwanza ukaachia. Wa pili ukafuata. Hakuna hata kitanzi kimoja cha sufu kilichofumuka.

"Hiyo mikono ikunje vizuri," mama akasema. "Usinitumie na mtu. Utaniletea mwenyewe, niirudishie mahali pake."

Miaka mitatu hajawahi kuniuliza narudi lini. Nadhani leo ndiyo ameuliza.

Nilisema, ndiyo mama. Safari hii nilikuwa nasema kweli. Likizo yangu ni mwezi wa nane na nimeshaiomba.

Picha ilimfikia Duncan saa moja kasoro dakika nne: truzi, shati jeupe, kizibao cha binzari, vijiti mkononi. Alijibu kwa neno moja la sifa, halafu akauliza rangi ile nimeipata duka gani. Nikamwandikia: Kinangop. Mpaka sasa hajajibu. Pengine anaitafuta kwenye ramani ya Dubai.

Nikasimama tena mbele ya kioo. Mkono wa kushoto ulitulia na kijiti chake. Nikamwambia Akinyi aagize chai sasa.

"Zii," akasema. "Mimi siwezi kukutuma wewe. Naogopa."

Kilichobaki ni miguu. Najijua, kesho itataka kunipeleka kwenye lango la nyuma kwa mazoea, kule kwa malori ya mboga. Akinyi ana siku ya mapumziko na amejitolea kunisindikiza mpaka mlango wa mbele, eti nisije nikapotea kazini kwangu mwenyewe. Nilimwambia sihitaji kusindikizwa. Baada ya muda nikamwambia, sawa, njoo.

Mama amepiga tena hivi punde. Alisahau kuniuliza kama kesho kutakuwa na baridi.

Kidogo, mama, nimemwambia. Ya kutosha sweta isiyo na mikono.