Mahali Tulipomlaza Phanice

Uriri, Migori
9 Machi 2025

Mpendwa wifi Emmah,

Bwana Yesu asifiwe. Je, usingizi umerudi? Na miguu, bado inavimba kwa kusimama kutwa huko Muscat? Sisi ni wazima wa mwili tu. Mvua imeanza, na kaka yako Caleb amepanda mahindi.

Wifi, Caleb alikuambia kwa simu kwamba dada yenu Phanice amelala kando ya kaburi la mama, ndani ya boma. Nilikuwa hapo akisema, nikanyamaza. Mungu anisamehe. Tulimzika nje ya ua, upande wa barabara, kwa sababu hakuolewa. Jeneza halikuingia langoni.

Niliwauliza wazee kwa adabu kama hawawezi kumhurumia, maana ndiye aliyemuuguza mama. Mmoja akasema, "Wewe wa Kuria, utatufundisha boma letu?" Watu wakacheka. Nikakaa chini.

Wale wamama wa Sori, kule ziwani, walikuja, wakiongozwa na Susana muuza dagaa wa omena. Unakumbuka walivyokuwa wakiigiza na Phanice pale ufuoni, wakiwaaibisha wavuvi wanaotaka mwanamke alale nao ndipo wamuuzie samaki. Waliomba kusema mashairi yake, wakanyimwa kipaza sauti. Pasta akasema hayo si maneno ya matanga. Basi alipoondoka, wakayasema kaburini kwa sauti zao tupu: "Samaki nimelipia, mwili wangu hauko kwenye mizani." Mimi mke wa shemasi niliitikia, tena kwa nguvu.

Jumatatu walirudi na vipande vya mnyaa, kama ule wa ua wetu. Tukapanda mstari mpya kulizunguka kaburi, ili ua umweke ndani. Caleb alipotoka sokoni aling'oa vyote akavirundika mlangoni pangu. "Ukipanda tena," akasema, "urudi kwenu." Tangu siku hiyo hali chakula changu.

Sikutaka kukuongezea uchungu, lakini ni haki yako kujua. Kando ya Phanice wameacha nafasi, wameichomekea kijiti. Nilimuuliza Caleb ni ya nini. Akasema, "Ya Emmah. Naye ana mume?"

Leo baada ya maombi nimepanda tena. Nimeanzia upande wako.

Nisalimie Mwanamvita unayefanya kazi naye. Susana anakusalimu, na watoto pia. Mungu wa wajane na wasio na mtu akufunike huko ugenini.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama tumbo moja,
Boke