Nimefeli Kemia, Baba Mkubwa

Barabara ya Sherburne,
St. Paul, Minnesota.
14 Januari 2019

Mpendwa Baba Mkubwa Chue Neng,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama Mkubwa je, na shamba? Mashokishoki yameanza kuiva, au mvua imewaharibia tena? Huku sisi wazima, isipokuwa baridi, ambayo haizoeleki hata kwa mtu aliyezaliwa ndani yake kama mimi. Bibi anakula vizuri sasa. Wiki kadhaa baada ya msiba wa mwanawe alikuwa akiugusagusa wali tu, lakini juzi aliomba pilipili mwenyewe, tukajua amerudi.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa maneno ya kunifariji, nami nataka nimalize. Baba Mkubwa, nimefeli kemia. Ni lile somo la kwanza kabisa, ambalo kila anayetaka kusomea udaktari lazima apitie. Ukikwama pale, masomo mengine yote yanabaki kukusubiri.

Si kwamba sikuelewa. Mitihani nilipasi yote. Tatizo lilikuwa maabara. Lazima uhudhurie kila wiki, na ukikosa mara mbili umefeli somo zima, hata uwe na akili kama mchwa. Maabara yangu ilikuwa Jumatatu saa saba mchana. Nilijiandikisha mwenyewe mwezi wa Agosti, tena kwa furaha, maana ratiba ile iliniachia Ijumaa nzima. Hebu niambie, mtu gani wa kabila letu la Hmong, mwenye akili timamu, anajipangia kazi Jumatatu? Misiba yetu inaanza Ijumaa, maziko ni Jumatatu, hata mtoto mdogo analijua hilo. Mimi nilichagua kama mtu asiye na ukoo.

Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba, alipozikwa shangazi yake Baba. Nilimfuata Derek, kijana anayesimamia maabara, nikamweleza.

"Msiba siku nne?" akashangaa.

"Na huo mfupi," nikamwambia.

Akacheka, nami nikacheka, akaandika kosa la kwanza.

Novemba akatutoka Baba Mdogo Nao Toua. Hapo sikucheka. Chuo kina fomu ya ruhusa kwa mwanafunzi aliyefiwa, yenye orodha ya ndugu wa karibu: baba, mama, kaka, dada, babu na bibi. Baba mdogo hayumo. Nilimwambia Derek kwamba kwetu baba mdogo ni baba. Alinihurumia kwa dhati, lakini orodha hakuitunga yeye.

Jumatatu ile nilikuwa na njia moja tu: niondoke makaburini saa sita, nipande basi, niwahi. Koti la maabara lilikuwa tayari kwenye mkoba. Lakini wewe ulinyimwa viza ya kuja huku, Baba Mkubwa, na simu iliyokuwa ikikuonyesha maziko ya mdogo wako niliishika mimi. Ulikuwa unalia, ukisema, "Mwanangu, sogea kidogo, silioni jeneza." Nikasogea. Saa sita ikapita, na saa saba ikapita. Nilijua ninachokiacha. Sikuambii haya ili ujilaumu, na ukijilaumu nitakasirika kweli. Nakuambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na ingekuwa leo ningesogea vilevile.

Sasa sikiliza mipango yangu. Mwanzoni nilitaka nichukue kemia, biolojia na fizikia kwa pamoja muhula huu, nisiachwe nyuma na wenzangu. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nikataka kushika tatu! Mshauri wa masomo, mama mmoja anayeitwa Lindgren, aliitazama karatasi yangu akavua miwani.

"Afya ya jamii nayo ni kazi nzuri," akaniambia kwa upole.

Upole ule uliniuma kuliko kufeli. Nilimjibu kwamba nitakuwa daktari, kwa hiyo tutafute njia. Kumbe alikuwa ananipima tu. Akavuta kiti, tukapanga upya mpaka chai yake ikapoa.

Kemia narudia, maabara yake Jumatano. Biolojia nimepata ya Alhamisi. Fizikia muhula huu ina maabara ya Jumatatu peke yake, basi nimeiacha mpaka mwakani, itakapokuwa na siku nyingine. Alama ya kufeli haifutiki. Watakaosoma maombi yangu ya udaktari wataiona kando ya alama mpya, kwa hiyo hiyo mpya lazima iwe safi kabisa. Na ile miaka minne itakuwa mitano.

Baba alinuna siku mbili. "Mitano? Watu nimeshawaambia minne!"

Bibi ndiye aliyemaliza kesi. "Kwani hao watu ndio wanaofanya mtihani? Mwache mtoto asome." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, usinihesabu kwenye Jumatatu zako za maziko. Mimi siendi popote."

Nina ombi moja. Binti yako Mireille ananiambia kwamba kila Jumapili hapo sokoni, kijijini kwenu Cacao, mteja akinunua hata fungu moja la mboga, lazima asikie habari za mtoto wa mdogo wako anayefaulu masomo yote ya udaktari. Eti unaniita dokta tayari. Najua ni mapenzi, lakini yananikaba. Nikikaa kusoma nawaona wateja wako wote wamesimama nyuma ya kiti changu. Tafadhali, Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii, waambie nimefeli. Sababu waambie pia, kama utaweza kuisema. Halafu waambie kwamba kila Jumatano saa saba mchana niko maabara, na sitakosa hata siku moja.

Nisalimie Mama Mkubwa, Mireille na mumewe, na watoto wote hapo nyumbani. Bibi anasema uache kubeba magunia, una watoto wakubwa. Wazee waliotutangulia, na Baba Mdogo akiwa nao sasa, wakulinde wewe na nyumba yako.

Mwanao akupendaye, ambaye bado si dokta,

Pa Nhia